Anza na kizingiti, vyumba vitafuata

*Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa tatu wa usanifu majengo. Muhula uliopita tulipewa kituo cha jamii: ukumbi wa watu 200, maktaba ndogo, karakana mbili za ufundi na ofisi. Nilikesha wiki nzima, picha zangu za kompyuta zikasifiwa, lakini mmoja wa jopo akasema: "Vyumba vipo, jengo halipo." Mpaka leo sijamwelewa. Muhula huu tuna makazi ya familia 24, jengo la sakafu nne kwa kuhesabu na ya chini, na zimebaki wiki saba. Nina michoro kama arobaini ya sura ya mbele na hakuna hata mmoja unaoniridhisha. Naambatanisha ramani ya kituo. Nianzie wapi? Na je, niziweke kazi zote mbili kwenye jalada langu la kuombea nafasi ya mafunzo kazini?*

Marahaba, mwanangu. Ramani yako iko mezani kwangu tangu jana, na kabla ya yote nikwambie kwamba aliyekwambia maneno yale hakukudharau. Alikupa nusu ya jibu, nusu nyingine akakuachia uitafute mwenyewe. Ngoja tuitafute pamoja.

Nilishika penseli nikajifanya mama anayefika kituoni kwako saa kumi na moja jioni. Mvua inanyesha, ana mtoto mgongoni na vitabu viwili vya kurudisha maktaba. Natoka barabarani, navuka maegesho ya magari, nafika mlangoni. Hakuna hata kipande cha paa cha kujisitiri wakati nakunja mwavuli. Naingia, nakutana na ukuta. Kushoto korido, kulia korido. Nimeipima: mita 31 kwa upana wa mita 1.5, dirisha moja kila ncha, milango 11. Maktaba ni mlango wa saba, na mlango unaofuata ni wa karakana ya kuchomelea vyuma. Ili nijue kama maktaba iko wazi, sina budi nifike nisukume kitasa. Choo kiko mwisho kabisa, nyuma ya ofisi. Nikikutana na jirani yangu humo ndani, hatuna pa kusimama tukasalimiana isipokuwa katikati ya njia, huku tukiwapisha wapitaji.

Ndivyo vyumba vinavyoweza kuwepo na jengo lisiwepo. Kila chumba chako kimepimwa vizuri. Ukumbi wa mita za mraba 220 kwa watu 200 waliokaa vitini ni hesabu ya mtu aliyesoma. Kilichokosekana ni kile kilicho kati ya barabara na mlango, na kati ya chumba na chumba. Jengo la jamii linaishi hapo, na jengo la makazi nalo linaishi hapo hapo, kwa hiyo miradi yako miwili ni swali moja ulilopewa mara mbili.

Tuna neno zuri kwa jambo hili: kizingiti. Siku hizi tumelizoea kwa maana ya kikwazo, lakini kwenye nyumba ni ule ubao au jiwe la mlangoni, pale mguu unapoiacha nje na kuikanyaga ndani. Mimi mradi wowote nauanzia hapo. Najiuliza mtu anavuka vizingiti vingapi kutoka barabarani hadi mahali anapoweza kuvua viatu akalala, na kila kimoja kinambadilishia nini. Mwanga? Sauti? Urefu wa dari? Anachokanyaga? Na je, akishavuka, nani sasa ana haki ya kumuuliza "unamtafuta nani?" Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na halionekani kwenye picha yoyote ya kompyuta.

Kitafute kituo cha halmashauri cha Säynätsalo, Ufini, kilichosanifiwa na msanifu Alvar Aalto baada ya kushinda shindano mwaka 1949 na kukamilika mwaka 1952. Ni jengo dogo la kijiji, tena lina kila kitu unachohangaika nacho: ofisi, maktaba, ukumbi wa baraza, maduka chini upande wa barabara, na hata nyumba za kuishi. Aalto aliuinua ua wa katikati kwa udongo uliochimbwa kwenye msingi, kwa hiyo unapanda kutoka usawa wa barabara kwenda usawa wa ua, na kule kupanda tu kunakwambia umefika pengine. Ziko njia mbili za kupandia: ngazi rasmi ya mawe upande mmoja, na upande wa pili vidato vya nyasi vilivyoshikiliwa kwa mbao. Ukielekea ukumbi wa baraza unapita kwenye njia nyembamba ya matofali, matofali chini na matofali ukutani, mwanga ukidondoka kutoka madirisha ya juu. Ukifika ukumbini unakanyaga mbao. Mguu unajua umeingia mahali pa heshima kabla jicho halijaona. Hivyo ni vizingiti vinne au vitano, hakuna hata kimoja chenye geti, na kila mtu anajua pa kupaza sauti na pa kuishusha.

Mfano wa pili nautaja kwa sababu aliyeufanya alikuwa mwanafunzi kama wewe. Shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ilikamilika mwaka 2001 wakati Diébédo Francis Kéré akiwa bado anasoma usanifu majengo mjini Berlin. Wanakijiji waliijenga kwa mikono yao, kwa matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa. Watu wengi wanalikumbuka lile paa la bati lililoinuliwa juu ya dari, joto likatoka kwa chini yake. Ni kweli, ni kazi ya akili sana. Lakini itazame tena ramani yake. Madarasa ni matatu tu yaliyopangwa kwenye mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa kuna nafasi iliyoachwa wazi chini ya paa lile lile. Hakuna korido. Kuna kivuli cha kukaa, ambacho hakikugharimu ukuta hata mmoja. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na Kéré mwenyewe akapata Tuzo ya Pritzker, ile tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, mwaka 2022.

Sasa turudi kwenye korido yako. Mita 31 mara mita 1.5 ni mita za mraba 46 na nusu. Ikunje. Eneo hilo hilo, bila kuongeza hata tofali, ni sebule ya mita 6 kwa karibu mita 8. Ukiiweka mbele, maktaba ikaitazama kwa kioo, ukumbi ukafungukia humo kwa milango mipana, yule mama wa mvua anaingia na kwa mtazamo mmoja anajua maktaba iko wazi, choo kiko wapi na nani yumo ndani. Karakana zitoe kabisa kwenye familia hiyo. Zifungukie ua wa nyuma, maana chuma na mbao huingia kwa mkokoteni, na moshi na kelele havina urafiki na msomaji.

Kuna kitu kingine kwenye ukumbi wako. Viti 200 ukishamaliza kuvitumia vinakwenda wapi? Ukivipanga kumikumi unapata mabunda 20, na kila bunda linakula karibu nusu mita ya mraba. Hizo ni mita 10 za mraba kabla hujaacha njia ya kupita mtu na kitoroli. Hukuchora stoo. Ichore, tena iweke kati ya ukumbi na maktaba, ili iwe inahifadhi viti na papo hapo inazuia sauti. Chumba kimoja kinachofanya kazi mbili kitakufurahisha kuliko pambo lolote.

Halafu chukua nakala nne za ramani yako. Ya kwanza iandike saa mbili asubuhi, ya pili saa saba mchana, ya tatu saa moja jioni, ya nne saa tano usiku. Paka rangi sehemu zilizo wazi kila saa, acha nyeupe zilizofungwa, kisha andika nani ana funguo. Kwenye kituo chako zoezi hili linaumbua mara moja. Saa moja jioni ukumbi una sherehe, maktaba na ofisi zimefungwa, lakini vyoo viko nyuma ya ofisi. Mlinzi atafanya nini? Ataliacha jengo zima wazi, na mwezi wa pili mtu ataweka mlango wa chuma katikati ya korido yako. Hayo mageti ya chuma unayoyaona yamechomelewa ovyo katika majengo ya umma, mengi yametokana na saa ambazo msanifu hakuzichora.

Tuje kwenye makazi, ambako ndiko una haraka.

Familia 24 kwenye sakafu nne ni familia sita kila sakafu. Michoro yako arobaini ya sura ya mbele inarukaruka juu ya uamuzi mmoja ambao hujaufanya: milango mingapi itafungukia kwenye sehemu moja ya ngazi? Mpaka uamue hilo, huna sura ya mbele ya kuchora.

Nadhani mmefundishwa habari za Pruitt-Igoe, makazi ya umma ya St. Louis nchini Marekani yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki. Yalikuwa majengo 33 ya sakafu 11, yakaanza kukaliwa mwaka 1954, na kufikia 1972 serikali ikaanza kuyabomoa. Wengi husimulia kana kwamba usanifu peke yake uliyaua. Si haki. Mji ulikuwa unapoteza watu, matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji maskini, na ubaguzi ulikuwepo. Hata hivyo kuna somo la usanifu mle ndani ambalo halifutiki. Ili kubana gharama, lifti zikitoka chini zilisimama sakafu ya nne, ya saba na ya kumi tu, kwenye korido pana zilizokusudiwa ziwe mahali pa watoto kucheza na majirani kukutana. Kwenye michoro zilipendeza. Katika maisha, korido iliyotumiwa na watu wengi mno haikuwa ya mtu yeyote. Oscar Newman, msanifu aliyekuwa akifundisha mji huo huo, aliona jambo ambalo nataka ulibandike ukutani mwa studio yako: ndani ya majengo yale yale, kwa watu wale wale, sehemu ya mlangoni iliyotumiwa na familia mbili tu ilikuwa safi na inatunzwa, na korido iliyotumiwa na familia 20 ilikuwa imeharibika. Idadi ya milango ndiyo iliyotofautiana.

Kwa familia zako 24 naona njia tatu, na ningependa uzichore zote kabla ya kuchagua.

Ya kwanza ni ngazi tatu, kila ngazi ikihudumia familia mbili kwa sakafu: mbili mara nne mara tatu, 24. Kila nyumba inapata madirisha mbele na nyuma, upepo unapita, na majirani wanane wa ngazi moja wanajuana kwa majina. Gharama yake ni ngazi tatu, na kama kuna lifti basi lifti tatu.

Ya pili ni korido ya nje upande mmoja, milango sita kila sakafu, ngazi mbili kwenye ncha ili moto ukizuka mtu awe na pa kukimbilia kila upande. Lifti moja inatosha, na mtu wa kiti cha magurudumu anafika kila mlango. Lakini kila apitaye anapita mbele ya dirisha la mwenzake. Ukiichagua hii, kazi yako yote ya muhula ni kuupa uhai upana wa korido: mita 1.2 ni njia tu. Mita 2, ukiurudisha mlango ndani kidogo na kuweka benchi na mahali pa chungu cha maua, inakuwa kizingiti. Madirisha yanayoitazama yawe ya jikoni, kamwe yasiwe ya chumba cha kulala.

Ya tatu ni ngazi mbili, familia tatu kila sakafu. Kwenye karatasi inavutia kwa kuokoa ngazi moja, lakini mara nyingi nyumba ya katikati inabaki na madirisha upande mmoja tu. Mimi nina shaka nayo. Ukiipenda, nithibitishie kwa mchoro wa mkato kwamba yule wa katikati anapumua.

Mchoro wa mkato, yaani jengo lililopasuliwa wima ukaona tumbo lake, nakusihi uuchore mapema kuliko ulivyozoea. Chumba chenye madirisha upande mmoja hupata hewa na mwanga wa kutosha kwa kina cha takriban mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wake kwenda juu. Dari ikiwa mita 2.7, kina hicho ni kama mita 6. Nyumba iliyo wazi pande mbili inaweza kufika karibu mara tano, yaani mita 13 hivi, mradi kuta za katikati zisiuzibe upepo. Hizi ni kanuni za kukadiria tu, lakini zinakwambia tayari kwamba jengo lako la mita 18 lenye korido katikati, lile nililoliona kwenye kona ya karatasi yako, linaziweka familia 24 gizani.

Nikusimulie kosa langu. Nilipokuwa bado kijana kazini nilisanifu nyumba za ghorofa, nikabana ngazi ili nipate sebule kubwa. Pale ngazi inapokata kona niliacha sentimita 90. Siku ya kuhamia nilikwenda kwa furaha kuona kazi yangu. Kwenye kona ya sakafu ya pili walikuwa watu wanne na kabati la mninga, wamelilaza, wamelisimamisha, wameliinamisha, haliendi juu wala halirudi chini. Mwishowe wakaleta msumeno wakalikata miguu na kichwa. Mwenye kabati, mama mtu mzima, hakusema neno. Alinitazama, kisha akaitazama ile kona. Tangu siku hiyo hakuna ngazi inayotoka ofisini kwangu kabla sijazungusha kabati la sentimita 60 kwa 120 kwa mita 2 kila kona, na kitanda cha mgonjwa kikiwa kimebebwa na watu wawili. Kwa sakafu iliyo mita 3 juu ya nyingine, vidato 18 vya milimita 167 na kina cha milimita 280 vinapandika bila kuchosha. Upana usipungue mita 1.2, na kona iwe angalau sawa na upana huo. Usiogope kuongeza dirisha hapo konani lenye kibao cha kukalia. Ndipo mzee atakapopumzika na mfuko wake, ndipo na mazungumzo yatakapoanzia.

Fanya hivyo hivyo ndani ya nyumba. Kabla ya kuniambia chumba ni kikubwa au kidogo, weka kitanda cha mita 1.5 kwa 2, kabati la kina cha sentimita 60, na mlango wake unaofunguka. Acha sentimita 75 za kutembea kandokando. Jikoni, kaunta mbili zinazotazamana zinahitaji karibu mita 1.2 kati yake ili watu wawili wapishane na sufuria ya moto. Angalau nyumba kadhaa za chini ziwe na mahali ambapo kiti cha magurudumu kinageuka, duara la mita 1.5, na rampu ya kuingilia isizidi kupanda mita 1 kwa kila mita 12. Vyoo na jikoni vipange wima, bomba likishuka moja kwa moja. Nguzo nazo zisimame juu ya nguzo. Mambo haya hayana mjadala mrefu, yafanye tu mapema.

Kama unatafuta mradi mmoja wa makazi wa kuuchambua kwa kina, uwe Quinta Monroy, mjini Iquique, Chile, uliokamilika mwaka 2004. Ofisi ya ELEMENTAL ya Alejandro Aravena ilikuwa na takriban familia 100 zilizokaa kwa miaka 30 bila hati kwenye nusu hekta katikati ya mji, na ruzuku ya dola 7,500 kwa familia, fedha ambayo ilipaswa kutosha ardhi, miundombinu na nyumba. Kuwapeleka pembezoni kungekuwa rahisi. Wao waliwabakiza pale pale, karibu na kazi na shule, wakajenga nusu ya nyumba: ile nusu ngumu, yenye ngazi, bafu, jiko na kuta za kutenganisha majirani. Nusu ya pili ikaachwa wazi ndani ya muundo ule ule, familia ikaijaza yenyewe kadiri ilivyopata. Hilo ndilo linalosimuliwa kila mahali. Linalosimuliwa kidogo ni kwamba nyumba zilipangwa kuzunguka nyua, kila ua ukiwa wa familia kama 20. Walihesabu ukubwa wa ujirani kwanza. Na ukumbuke tofauti: ua ni mahali pa kukaa ambapo kila mlango unaonekana, korido ya Pruitt-Igoe ilikuwa mahali pa kupita. Kwa hiyo 20 ya huku si 20 ya kule, na ningependa kukuona ukilifafanua hilo mbele ya jopo kwa maneno yako.

Sura ya mbele itakuja, wala usidhani naidharau. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, wakishirikiana na wenzao, walikabidhiwa majengo matatu ya makazi ya zamani huko Grand Parc, Bordeaux, Ufaransa, nyumba 530, ambayo wengine walishafikiria kuyabomoa. Waliyaongezea upande wa nje bustani za kioo na roshani zenye kina cha mita 3.8, kila familia ikapata chumba kipya chenye jua, na wakazi hawakuhamishwa wakati kazi inaendelea. Ukiyatazama leo utasema yana sura mpya nzuri. Sura hiyo ni roshani za watu zikiwa zimejipanga, hakuna kilichobandikwa juu yake. Ukishaamua ngazi zako, jiko linatazama wapi na kizingiti cha kila nyumba kina upana gani, utashangaa sura ya mbele inavyojichora. Na utaigusa mara mbili tatu badala ya arobaini.

Kuhusu "wazo kuu", ambalo najua walimu wanakusumbua nalo: usilitafute kwenye majani, magamba ya konokono wala mawimbi. Nenda kiwanjani. Msanifu Lina Bo Bardi alipopewa kazi ya SESC Pompéia, kituo cha utamaduni na michezo mjini São Paulo, Brazil, katika miaka ya 1970, alikuta kiwanda kikuukuu cha mapipa ambacho kingeweza kubomolewa. Aliporudi mwisho wa wiki akakuta watoto wanacheza mpira na familia zimekaa zinafurahi ndani ya yale mabanda. Akaamua kiwanda kibaki, furaha ile iendelee. Wazo lilikuwa limeshakaa pale likimsubiri. Wewe nenda mara tatu: asubuhi, jioni, na siku ya mapumziko. Usipige picha nyingi. Chora watu wamesimama wapi, wameegemea nini, wanakata njia wapi pasipo na njia. Ukiweza, zungumza na watu watano na uwaulize swali moja tu: ukifika nyumbani, unajuaje umefika? Majibu yatakupa zaidi ya unavyotarajia.

Wiki zako saba ningezigawa hivi. Wiki ya kwanza kiwanjani, pamoja na zile njia tatu za ngazi kwa mizani ya 1:200 (sentimita 1 ya mchoro ni mita 2 za jengo), kwa mkono, bila kompyuta. Ya pili, chagua moja, ijenge kwa kadibodi kwa mizani hiyo hiyo, ushushe macho hadi usawa wa barabara uitazame kama mtoto anavyoitazama. Ya tatu na ya nne zikae kwenye nyumba moja tu kwa 1:50, fanicha zote ndani, na mkato wake. Hapa ndipo mradi hupatikana au hupotea, kwa hiyo usiharakishe. Wiki ya tano mfumo mzima: nguzo, mabomba, njia za moto kwa kufuata kanuni za mahali mlipopewa kiwanja. Ndipo sasa sura ya mbele. Wiki ya sita chora kizingiti kimoja kwa 1:20, mlango wa nyumba moja na mita 3 za mbele yake, kila kitu kikionekana: kitasa, taa, benchi, mahali pa viatu, tofauti ya sakafu, maji ya mvua yanakwenda wapi. Wiki ya saba ni ya kuwasilisha, na ulale.

Siku ya kutetea kazi usianze na historia ya eneo wala na "dhana yangu ni". Anza na mtu anayerudi nyumbani. Mpitishe barabarani, uani, ngazini, mlangoni, na kila anapovuka onyesha mchoro. Jopo litakuuliza maswali ya ndani ya jengo lako badala ya maswali ya juu yake.

Na jalada: weka zote mbili, nakusisitiza. Ila kituo kirekebishe kwanza. Ukurasa wa kushoto weka ile ramani yenye korido ya mita 31, na chini yake yaandike maneno ya yule mwanajopo kama yalivyo. Ukurasa wa kulia weka sebule ya mita 6 kwa 8, stoo ya viti mahali pake, karakana nyuma, na zile nakala nne za saa nne. Mimi nimekaa miaka mingi nikipitia majalada ya vijana wanaoomba kazi, na picha nzuri huwa nazisahau kabla ya chakula cha mchana. Kijana anayenionyesha alipokosea na hatua kwa hatua alivyotoka pale, huyo namwita.

Leo jioni, kabla hujafungua kompyuta, chora mlango mmoja kati ya ile 24. Mtu kasimama mbele yake, mkono mmoja mfuko, mkono mwingine anatafuta funguo. Anauweka wapi mfuko? Mwanga unatoka wapi? Nani anaweza kumwona? Nitumie mchoro huo hata kama ni mbaya, tuendelee kutoka hapo.